"Double" si "twin": tuwafundishe watoto neno "mbili" kuanzia Kiswahili

Mwaka juzi mama alikuja Mwanza kutoka Ukerewe kutibiwa, akasindikizwa na mjomba, kaka yake mkubwa. Mimi nimepanga chumba kimoja Kirumba, hivyo nikawatafutia nyumba ya wageni karibu na hospitali. Nafasi niliiweka kwa simu, na fomu ilikuwa ya Kiingereza: "single", "double", "twin". Wageni wangu ni wawili, nikabonyeza "double". Tulipofika jioni mhudumu akafungua mlango, tukakuta kitanda kimoja kipana, shuka jeupe, mito miwili. Vyumba vingine vyote vilikuwa na watu. Mjomba hakusema neno. Alivuta kiti mpaka dirishani, akakikalia hadi alfajiri, maana mtu mzima halali kitanda kimoja na dada yake.

Lile kosa bado linaniuma. "Double" ni chumba chenye kitanda kimoja cha kulala wawili. "Twin" ni chumba chenye vitanda viwili, kila kimoja kimesimama peke yake kama mapacha waliozaliwa pamoja lakini kila mmoja ana mwili wake. Nimesoma Kiingereza tangu darasa la tatu na hilo sikuwahi kuambiwa. Daftarini kwangu maneno haya yalipangwa mstari mmoja, "double", "dual", "pair", "couple", na mbele ya kila moja mwalimu ametuandikisha: mbili.

Hapo ndipo ninapogomba. Kiingereza kina maneno mengi ya mbili kwa sababu kinauliza mbili hizo zinahusianaje. Na Kiswahili kinauliza vilevile! Ingia duka la kanga ukaombe "kanga mbili", muuzaji atakuuliza: doti mbili au vipande viwili? Doti ni vipande viwili vya mchoro mmoja na jina moja, kimoja cha kujifunga, kimoja cha kujitanda. Nenda Mlango Mmoja kwenye mitumba, ukute kiatu cha kushoto namba 42 na cha kulia namba 41. Viatu ni viwili, ila jozi haipo, na hakuna atakayekulipisha bei ya jozi. Mtoto anayelijua hilo tayari ameshaelewa "pair", neno lililotoka kwenye Kilatini "par", yaani sawa. Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba Mwingereza huhesabu hata suruali na mkasi kwa "pair", kwa kuwa vina miguu miwili au meno mawili, wakati sisi tunaona kitu kimoja.

"Twin" kwa Usukumani ni rahisi kuliko yote. Kila mtaa una Kulwa na Doto, na pengine Shija aliyewafuata. Kulwa peke yake ni "a twin", akiwa na Doto ni "twins", kama tunavyosema pacha na mapacha. Ajabu ni kwamba mwanafunzi anayeitwa Doto anaandika "we are a twin" na mwalimu anaweka alama nyekundu ya kosa bila kumuuliza nyumbani kwao wanasemaje.

"Couple" ndiyo inayowatesa wa sekondari, ambako masomo yanageuka ghafla kuwa ya Kiingereza. Mtaani wanaijua kama kapo, mtu na mpenzi wake. Wakifika kwenye fizikia wanakutana na "couple" ya nguvu mbili zilizo sawa, sambamba, zinazosukuma pande zinazopingana na kuzungusha kitu. Darasa linacheka, kisha linakariri. Lakini neno limetoka kwenye Kilatini "copula", kiungo. Mtazame dereva wa daladala akikata kona, mkono mmoja unapandisha usukani, mwingine unaushusha. Mikono miwili imeungwa na kazi moja. Nikiwaeleza wanafunzi hivyo naona nyuso zinafunguka. (Ila Mwingereza akikwambia "a couple of days" usimpangie siku mbili kamili. Zinaweza kuwa tatu.)

"Dual" na "double" nazitenganisha kwa simu na mshahara. Simu ya laini mbili ni "dual SIM": laini mbili tofauti, zote zinafanya kazi ndani ya chombo kimoja. Ukilipwa dabo, fedha ni zilezile ila zimekuwa maradufu, na hiyo ndiyo "double". Anayeandika "double SIM" ataeleweka, sikatai, lakini amesema laini imekua.

Kosa ninalolikuta zaidi kwenye madaftari ni "both two", tafsiri ya wote wawili. "Both" imeshameza mbili, haihitaji nyingine. Baya zaidi ni "both of them did not come". Kwa Kiswahili wote wawili hawakuja, hakuna utata. Kwa Kiingereza msikilizaji anaweza kudhani mmoja alikuja, ndiyo maana wenyewe husema "neither of them came".

Sidai kwamba Kiingereza hakina kasoro. Cha kale kilikuwa hata na "wit", neno moja la kusema sisi wawili, likapotea karne nyingi zilizopita. Na "biweekly" yao ni mtego mtupu, kwa sababu kamusi zao zinakubali maana mbili: mara mbili kwa wiki, au mara moja kila wiki mbili. Jirani yangu alipata kazi kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa mjini, mkataba ukasema malipo ni "biweekly". Aliahidi kulipa kodi Alhamisi, akijua Jumatano ni siku ya fedha. Fedha ilitoka wiki ya pili, na katikati alikopa kwa riba. Mkataba ule ulisainiwa na Watanzania pande zote mbili, ofisi iko Mwanza, wafanyakazi wanazungumza Kiswahili na Kisukuma. "Mara moja kila baada ya wiki mbili" ingeenea kwenye mstari uleule, na naomba wanaoandika mikataba hiyo waiandike hivyo.