Somo la vitu vinavyozama lisiishie kwenye gololi

Katika madarasa mengi ya fizikia niliyoyaona hapa Dar es Salaam, somo la vitu vinavyozama hufundishwa kwa gololi: mwalimu anaidondosha kwenye kimiminika, wanafunzi wanapima muda, kisha wanaandika kanuni ya ukinzani wa kimiminika aliyoitoa mwanafizikia George Gabriel Stokes mwaka 1851. Sina ugomvi na kanuni hiyo. Ninacholalamikia ni kwamba inahusu tufe peke yake, na mwanafunzi anayeishia kwenye gololi huondoka akiamini kuwa kinachoamua kasi ya kuzama ni uzito na ukubwa tu.

Dawa yake ni bonge moja la plastisini, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule Kariakoo. Lifinyangwe liwe tufe na lidondoshwe katika chupa ndefu ya maji. Kisha bonge lilelile litandazwe liwe bapa kama chapati, lidondoshwe tena. Uzito haukubadilika, ujazo haukubadilika, na kwa hiyo hata nguvu ya maji ya kulisukuma juu ni ileile. Tufe hushuka moja kwa moja, ilhali bapa huyumba huku na huku, hukabili maji kwa uso wake mpana na kuchelewa sana, kwa sababu maji hayawezi kuuzunguka ukingo wake na kukutana tena nyuma yake kwa utulivu, bali huvurugika na kuacha mkia wa mizunguko unaolizuia. Kwa eneo lilelile linalokabili maji, na kwa kasi ileile, ukinzani wa kisahani ni zaidi ya mara mbili ya ule wa tufe. Wavuvi wa mshipi hawahitaji kuambiwa: chubwi refu jembamba, kile kizito cha kuzamisha mshipi, huwahi chini kuliko bapa la risasi lenye uzito uleule.

Hata hivyo, nawasihi walimu wasiishie kwenye maji, maana utamu wa jambo hili umo katika kimiminika kizito. Mnato, yaani ugumu wa kutiririka, wa gliserini safi, inayopatikana katika maduka ya dawa, ni mara mamia kadhaa ya ule wa maji, na humo vitu vidogo hushuka polepole bila kuvuruga chochote. Hapo umbo hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake: kisahani chembamba kinachoshuka kwa uso wake mpana hupata ukinzani mara moja na nusu tu ya ule kinaoupata kikishuka kwa ukingo. La kustaajabisha zaidi, kisahani kilichoachiwa kikiwa kimeinama hubaki na mwinamo uleule karibu safari nzima, kikiteleza upande taratibu, wala hakijigeuzi kama kilivyofanya majini.

Chupa zote mbili ziwepo darasani, na vipande vya kutumbukizwa kwenye gliserini visizidi upana wa ukucha, kwa kuwa kipande kikubwa hushuka kwa kasi na tofauti niliyoieleza hufifia. Chupa yenyewe iwe pana, kwani kuta zikikaribia hupunguza kasi ya kila kitu na kuificha kazi ya umbo.