Kutu Haishiki Alumini

Imetokea modeli nyingine ya plastiki ya M113, gari la kivita la Marekani la kubeba askari, iliyopakwa rangi ya kutu kuanzia pua hadi mlango wa nyuma. Michirizi ya rangi ya chungwa inashuka ubavuni kutoka kila boliti, vidonda vya kahawia vimetapakaa juu ya paa, na sifa zinamiminika: kazi safi, uhalisia mtupu. Uhalisia wa nini? Bodi ya M113 ni alumini, jamani. Alumini haishiki kutu. Ukiikwaruza inatoa kijivu cha fedha kinachofifia upesi, na ikitelekezwa vibaya kabisa inaota unga mweupe kama chumvi. Iegeshe kwenye mvua miaka arobaini, haitakulilia tone moja la rangi ya chungwa. Haya, boliti na bawaba kadhaa ni za chuma na zinaweza kuacha alama ndogo. Alama ndogo, si mafuriko.

Wala si M113 peke yake. Scorpion, kifaru chepesi cha Uingereza, ni alumini. BMD, gari la kivita la Wasovieti, ni alumini. Sheridan, kifaru chepesi cha Marekani, ina bodi ya alumini na mnara wa mzinga wa chuma, kwa hiyo hapo mstari wa kutu unapaswa kukomea pale mnara unapokalia bodi. Si siri za jeshi hizi. Mtu anang'oa vishikio vyote vya plastiki na kuweka vya waya wa milimita 0.3, anahesabu boliti za kifuniko cha injini moja moja, anasaga mshono wa mtutu hadi usionekane hata kwa kioo cha kukuzia, halafu hajiulizi kitu chenyewe kimeundwa kwa madini gani.

Kinachoudhi ni kwamba kutu imekuwa cheti cha ustadi. Modeli isiyo na kutu inaitwa "haijamalizika". Basi hata vifaru ambavyo ni chuma kweli vinapakwa kama vimeopolewa baharini. Chukua Panther, kifaru cha Kijerumani cha Vita vya Pili vya Dunia, ile iliyopigana Kursk, Urusi, ambayo kila mtu anaijenga. Uzalishaji wa Panther ulianza Januari 1943, na vita vya Kursk vilianza Julai 1943. Hata ile ya kwanza kabisa kutoka kiwandani ilikuwa na umri wa miezi sita. Miezi sita! Ina rangi mpya, ina vumbi la kutosha, ina mafuta yaliyomwagika kwenye sahani ya injini, madigadi yamepinda. Kutu ya kula bodi iliingia saa ngapi?

Halafu kuna huu ugonjwa wa kudhani kila kilicho chekundu chini ya rangi ni kutu. Chini ya rangi ya kifaru cha Kijerumani kuna praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, ya kahawia-nyekundu, namba RAL 8012. Hiyo ni rangi, bapa, yenye mpaka unaoonekana, na haichuruziki. Mchubuko unaofika kwenye praima hauachi mchirizi chini yake, kwa sababu chuma bado kimefunikwa. Miezi ya mwisho ya vita baadhi ya vifaru vilitoka kiwandani praima hiyo ikionekana wazi kati ya mabaka ya rangi nyingine, na mafundi wetu wakaona hiyo ni ruhusa ya kumwaga machungwa. Vifaru vya Kijerumani vilivyoshushwa Afrika Kaskazini mapema 1941 vilifika na rangi ya kijivu cheusi, vikapakwa rangi ya jangwani juu yake. Vikichubuka vinaonyesha kijivu. Chokaa ya kujificha kwenye theluji juu ya T-34, kifaru cha Wasovieti, ikifutika inaonyesha kijani. Kabla hujafika kwenye chuma kuna tabaka la kuvuka, na aghalabu mchubuko unaishia hapo.

Na ukubwa wake. Kwenye skeli ya 1/35, mchubuko wa milimita 1 ni kovu la sentimita 3.5 kwenye kifaru halisi. Kwenye 1/72 nukta hiyohiyo ni zaidi ya sentimita 7. Hesabu hiyo mtoto anaiweza, lakini angalia mabaka ya milimita nne katikati ya sahani ya mbele, mahali ambapo hakuna mguu wala jerikeni inayopita. Hiyo ni sentimita 14 ya rangi iliyobanduka. Nani aliibandua?

Michubuko ina wenyewe. Ni buti za askari: ukingo wa mlango wa dereva, njia ya kupandia kwenye mnara, pembe za madigadi, ukingo wa kifuniko cha injini kinachofunguliwa kila siku. Kata kipande cha sponji kwa kukinyofoa, usitumie mkasi, kwa sababu ukingo ulionyooka unaacha alama zilizonyooka. Chovya kwenye rangi ya akriliki, kisha gongagonga kwenye karatasi mpaka uone rangi imekwisha. Hapo ndipo ipo tayari. Kwanza tumia rangi ya msingi iliyochanganywa na nyeupe kidogo, iwe mkwaruzo wa juu tu. Ndani ya baadhi ya mikwaruzo hiyo, michache, weka kahawia nyeusi kwa ncha ya brashi. Si chungwa. Chuma kilichochubuka kikashikwashikwa na mikono yenye grisi ni cheusi-kahawia. Ukishaweka kumi, weka brashi chini utoke nje upunge upepo.

Wapenzi wa kuchubua rangi kwa spreyi ya nywele nao wana lao. Njia yenyewe ni nzuri: tabaka la rangi ya chini, vanishi, spreyi mara mbili nyepesi, kisha akriliki juu yake, na ndani ya nusu saa hivi unalowesha kwa maji na kusugua kwa brashi ngumu iliyokatwa nywele. Inaharibika kwa sababu zilezile kila siku. Mtu anachanganya akriliki na thina kali ya laka, rangi inazama ndani ya spreyi na kushikana na tabaka la chini, haibanduki. Au anapaka nene, inatoka kama ngozi ya nyoka, magamba makubwa. Au anaiacha ilale usiku kucha halafu asubuhi anasugua mpaka anafika kwenye plastiki. Na hata ikifaulu, rangi ya chini haikulazimika kuwa kutu. Weka kijivu, weka praima, weka kijani chini ya chokaa. Njia haikuandikiwa chungwa.

Mnataka kutu? Kutu ipo, na ina makazi yake.

Ekzosi ndiyo nyumbani kwake. Moto unaunguza rangi siku za mwanzo tu, na chuma tupu kinapoa na kupata moto mara kwa mara katika unyevu. Hapo jiachie. Paka gundi ya maji ya plastiki, ile nyembamba, kisha uidonoedonoe kwa brashi mbovu ngumu ikiwa bado laini, upate vishimo. Ikikauka kabisa anza na kahawia iliyoiva, halafu sponji yenye kahawia nyepesi zaidi, halafu nukta chache za chungwa, kwa mpangilio huo, giza kwenda mwanga. Kutu ya zamani ni nyeusi-kahawia, mpya ndiyo inayowaka, kwa hiyo ile inayowaka iwe kidogo. Malizia na unga wa rangi mkavu, na masizi meusi mdomoni. Unga ule usiugandishe kwa spiriti juu ya akriliki, kwa maana spiriti inaiyeyusha akriliki na utabaki na uji. Tumia thina ya enameli.

Minyororo ndiyo mahali pengine, na hapa kosa linageuka upande wa pili: watu wanaijaza kutu mahali panapong'aa na kuing'arisha mahali pasipong'aa. Mnyororo wa chuma unaotembea una kutu ya kahawia kwenye mabonde yake, hata mvua ya usiku mmoja inatosha kuuamsha, lakini kila sehemu inayoguswa ni chuma kilichosuguliwa. Chukua kalamu ya risasi laini, pitisha ubavuni kwenye migongo ya nje inayokanyaga ardhi, kisha ndani kwenye njia ya magurudumu. Tiger, kifaru kizito cha Kijerumani, ina vipande 96 kila upande, kwa hiyo tafuta kiti kizuri. T-34 ina 72, nusu yake tu ndiyo yenye meno, na meno hayo ndiyo yanayosukumwa na rola zilizo ndani ya gurudumu la kuendesha, basi ng'arisha nyuso za mbele na nyuma za jino, si ubavu peke yake. Tiger za 1944 zenye magurudumu ya pete za chuma zinang'aa ukingoni mwa gurudumu kwa duara zima, wakati zile za awali zina mpira hapo, na mpira unabaki kijivu cheusi chenye vumbi.

Sherman, kifaru cha Marekani, ndiyo inayowaumbua wengi. Ina aina kadhaa za minyororo. Mnyororo wa T48 una mabamba ya mpira. T51 pia mpira. T49 na T54E1 ni chuma. Ukipitisha kalamu ya risasi kwenye uso wa T48 umeng'arisha tairi. Kinachong'aa hapo ni viunganishi vya pembeni pamoja na meno yake, basi. Tena mnyororo huo unakaa umekazwa, hivyo anayeuning'iniza kama wa T-34 akidhani anaongeza uzito wa kifaru anastahili kuhesabu rola za kurudishia, zile zinazobeba mnyororo kwa juu, zilizo mbele ya macho yake. Vipande vya akiba vilivyofungwa kwenye bodi, kama ni vya chuma, vipake kutu bila huruma. Havisuguliwi na kitu.

Nyaya za kuvutia zina grisi, ziwe nyeusi, ziacheni.

Pamoja na kutu hii huja maji ya rangi yaliyochanganywa kwa thina na kumwagwa hadi yatuame. Yakituama kwenye mikono ya magurudumu ambayo iliunganishwa kwa kulazimishwa, thina inaingia kwenye nyufa zisizoonekana na plastiki inakatika yenyewe kesho yake. Watu wanalaumu kiwanda. Ongoza tone kwa ncha ya brashi kando ya boliti, na uifunike modeli kwa vanishi ya akriliki kabla.

Nakubali, shingo upande, kwamba kuna kifaru kinachostahili kuwa cha chungwa mwili mzima: kile kilichoungua. Moto ukishakula rangi, chuma tupu kinashika kutu ndani ya siku chache, ya rangi inayowaka kweli, ikichanganyika na majivu meupe pale moto ulipokuwa mkali zaidi. Jengeni hicho, nitashangilia. Lakini kijengeni chote. Mpira wa magurudumu umeungua, kwa hiyo uondoe kwa tupa ubaki mdomo wa chuma. Panther na Tiger zinabebwa na nondo za msokoto, zinazofanya kazi ya springi, na nondo zikipikwa na moto zinapoteza ukakamavu, bodi inashuka na kulala chini. Vipini vya mbao vya koleo na nyundo vimetoweka, vimebaki vichwa vya chuma na vibanio. Vioo vya kuchungulia vimepasuka. Nani anafanya hivyo? Wanataka chungwa la kifaru kilichoungua na magurudumu ya kifaru kilichotoka kiwandani jana.

Na msiniambie ni sanaa. Sanaa ni sawa, anayetaka kupaka kifaru rangi ya zambarau apake, na aseme ni zambarau. Shida ni kuita uhalisia.

M113 ile bado inaokoleka. Kama chini ya kutu kuna vanishi ya akriliki na kutu yenyewe ni enameli au rangi ya mafuta, lowesha kijiti cha pamba kwa thina ya enameli na uifute kwa kuviringisha, bila kusugua, ukibadilisha pamba kila inapochafuka. Ikiwa ni akriliki, usiikwangue. Puliza rangi ya msingi nyembamba sana, tabaka tatu au nne, doa lipotee polepole huku ukiacha kivuli chake kidogo kwenye maungio. Kisha michubuko michache ya kijivu kisichong'aa kwenye pembe za mlango wa nyuma na mahali buti zinapopandia, na vumbi zito chini ya mstari wa magurudumu. Mabamba ya mpira kwenye minyororo yawe kijivu cheusi. Vipande vyenyewe vya mnyororo ni chuma, kutu yake iacheni ilivyo.