Kazi ya Yesu ina wenyewe?

Jumuiya yetu ndogondogo ya Kikatoliki juzi tulisoma Luka 10, pale Yesu anapowatuma wale sabini wawili wawili. Tulipoanza kushirikishana mzee mmoja akauliza, sasa jamani hapo sisi tunahusikaje na padri yupo, tena amesomea? Watu kimya. Hilo swali halijanitoka kichwani, maana naona wengi wetu ndivyo tunavyoamini, kwamba hiyo kazi ina wenyewe na sisi ni wa kukaa kwenye benchi na kutoa sadaka.

Lakini ukiangalia vizuri wale sabini sio wale mitume kumi na wawili, Thenashara, hao walishatumwa sura ya 9. Hawa hata majina yao hayakuandikwa, na bado waliambiwa waponye wagonjwa na kuwaambia watu ufalme wa Mungu umewakaribia, yaani kazi ileile aliyokuwa anaifanya Yesu mwenyewe. Halafu nenda Matendo 8, mateso yalipoanza Yerusalemu waumini walitawanyika isipokuwa mitume, kwa hiyo waliolibeba neno njiani ni watu wa kawaida tu waliokimbia. Wengine wakafika Antiokia wakaanza kuongea na Wayunani kuhusu Bwana Yesu, kanisa likazaliwa hapo, na ndipo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Walioanzisha ni nani? Tunaambiwa tu watu wa Kipro na Kirene, basi.

Wanaoogopa kuwaachia watu wa kawaida kazi hii nao wana hoja nzito, siwabezi. Yakobo mwenyewe kwenye waraka wake ameonya tusiwe walimu wengi. Na kule Shakahola, Kilifi, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watu wanaodaiwa kufundishwa wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Watoto wadogo walikuwemo. Ukishasikia hilo huwezi kusema tu kila mtu achukue Biblia na maiki aanze.

Ila mimi naona hofu yetu imepiga kona mbaya. Habari za Antiokia zilipofika Yerusalemu kanisa halikukaa kimya, lilimtuma Barnaba akaangalie, na Barnaba alipofika hakuwafungia, alifurahi, akawatia moyo, kisha akaenda mpaka Tarso kumtafuta Sauli, ndiye Paulo, wakawafundisha watu mwaka mzima. Yaani kazi ilianzwa na wasiojulikana, halafu ikapata mtu wa kuikagua na kuilea. Hicho ndicho kilichokosekana Shakahola, na ndicho tunachokikosa parokiani pia kwa namna nyingine. Maana kwenye makaratasi tuko vizuri sana, Mtaguso wa Vatikano wa Pili, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulitoa hati nzima ya utume wa walei, yaani sisi waumini tusio mapadri wala watawa, mwaka 1965, na mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi wakazipa uzito hizi jumuiya ndogondogo, lakini mlei anatafutwa hasa kukiwa na mchango wa ujenzi au sherehe. Semina ya kumfundisha jinsi ya kukaa na mgonjwa au na mfiwa utaisubiri sana. Na tuseme ukweli, sisi walei wenyewe tumeridhika, kutoa elfu kumi ni rahisi kuliko kwenda kuketi na mtu anayeumwa.

Kwenye jumuiya yetu kuna mama anauza vitumbua. Kila jioni akimaliza biashara anapita kwa bibi mmoja aliyepooza, anambadilishia shuka, anamlisha uji kijiko kwa kijiko, halafu anamsomea injili ya siku hiyo mdomo ukiwa karibu kabisa na sikio kwa sababu bibi hasikii vizuri. Ukimuuliza anasema napita tu kumsalimia. Siku mzee alipouliza lile swali huyu mama alikuwa amekaa karibu na mlango na yeye hakujibu kitu, alikuwa anaangalia saa, bibi alikuwa bado hajala.