Utangulizi Unaomaliza Hadithi

Kuna wahakiki wanaoandika utangulizi wa riwaya kana kwamba msomaji alishaimaliza. Nimetoka kusoma moja, riwaya nzuri mno, yenye mama mmoja ambaye kila akinyamaza unahisi kuna jambo analolificha. Nami nilishalijua kabla ya sura ya kwanza! Mhakiki alinieleza mapema, katikati ya aya kuhusu dhamira, nani atakufa na kwa mkono wa nani. Kurasa zaidi ya 200 nikawa nasubiri maiti tu.

Inaniudhi kweli. Mtunzi hujenga taharuki kwa makusudi: anadokeza hapa, anaficha pale, anachelewesha. Charles Dickens alizitoa riwaya zake kwa mafungu, ya kila mwezi au ya kila wiki, na wasomaji wakangoja kujua kitakachofuata. Kungoja huko ni sehemu ya kazi yenyewe. Anayetanguliza uchambuzi wake mbele ya hadithi anamharibia mtunzi na anamdhulumu msomaji.

Jalada la nyuma nalo siku hizi limezidi. Linasimulia mpaka karibu na mwisho.

Uhakiki siupingi hata kidogo. Nilipourudia ule utangulizi baada ya kumaliza, nilikuta hoja nzito, hasa kuhusu ukimya wa yule mama, na nikatamani kuisoma riwaya upya. Basi wachapishaji, uwekeni nyuma, baada ya sura ya mwisho. Kuzihamisha kurasa hizo chache kuna ugumu gani?