Sindano kwanza, kisu baadaye

Mbwa dume akiletwa na korodani moja iliyovimba, kliniki nyingi huamua palepale: ahasiwe. Naona tunaharakisha. Hadubini ipo mezani, slaidi zipo, na Giemsa, rangi ya kutia seli, ni ileile tunayotafutia babesia, vimelea vinavyoenezwa na kupe, kwenye damu. Kwa dume la mbegu, slaidi moja ya seli zilizovutwa kwa sindano, iliyopakwa vizuri, yaweza kutenganisha maambukizi na uvimbe wa saratani, ikaokoa korodani ya pili.

Tumia sindano ya geji 22 hadi 25 na bomba la mililita 5. Safisha ngozi, ishike korodani imara hadi ngozi ivutike, choma penye uvimbe, vuta kidogo, geuza mwelekeo mara mbili tatu. Achia mvuto kabla ya kuchomoa, la sivyo sampuli yote hupanda ndani ya bomba. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika, na pengine ni kwenye kupaka: seli za korodani ni laini mno, ukikandamiza slaidi utabaki na viini vitupu na michirizi ya zambarau. Tandaza kwa uzito wa slaidi yenyewe tu, ikauke haraka kwa hewa. Chupa ya formalini, dawa ya kuhifadhia vipande vya mwili, ikae mbali, maana mvuke wake huzuia rangi kushika. Kisha methanoli ili seli zishike kwenye slaidi, halafu Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 20 hadi 30.

Korodani isiyo na ugonjwa nayo hudanganya. Seli zake ni kubwa, za mviringo, nyingine zinagawanyika, na asiyezoea huita saratani. Tafuta mbegu zinazokomaa kabla ya kuhukumu.

Neutrofili, seli nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu, zikijaa, mara nyingi ni maambukizi. Lakini kutoona bakteria hakuiondoi Brucella canis, bakteria wa ugonjwa wa uzazi wa mbwa, kwa kuwa ni vigumu sana kuiona kwenye slaidi. Pima damu, vaa glavu na barakoa, kwani huambukiza binadamu.

Kwenye uvimbe, seminoma, uvimbe wa seli zinazozaa mbegu, ndiyo rahisi kuitambua: seli kubwa za mviringo, nukleoli (kidoa ndani ya kiini) nene, na mara nyingine nyuma yake milia myepesi kama ya simbamarara, ambayo ni saitoplazimu, ute wa ndani ya seli, iliyomwagika. Uvimbe wa seli za Leydig (zinazotengeneza testosteroni) na ule wa Sertoli (seli zinazolea mbegu) zote zina matundu ya mafuta, kwa hiyo huchanganywa. Za Leydig hupenda kung'ang'ania vimishipa vya damu; kwa Sertoli, mtazame mbwa mwenyewe: chuchu zimevimba, manyoya yamenyonyoka sawasawa pande zote mbili, korodani nyingine imesinyaa.

Kuna uvimbe mchanganyiko pia, na sindano haioneshi kama mishipa imevamiwa, hivyo korodani ikitolewa ipelekwe histolojia, yaani uchunguzi wa tishu kwa hadubini. Na penye dalili za estrojeni, homoni ya kike, kama chuchu kuvimba, hesabu kwanza chembe sahani za damu, zinazosaidia damu kuganda, kwa kuwa estrojeni hudidimiza uboho unaozitengeneza. Zikiwa chache, kisu kisubiri, na sindano nayo isubiri.