Watoto 70 ndani ya mita 63 za mraba: kona za kujifunzia zinashindwa wapi?

Nchini Tanzania, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na tangu ada ilipoondolewa Januari 2016 madarasa yamefurika. Uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Leo darasa la awali la shule ya umma lenye watoto 70 na mwalimu mmoja halimshangazi mtu. Mwalimu huyohuyo anatakiwa kufundisha kwa michezo, kutengeneza kona za kujifunzia, yaani sehemu ndogo za darasa zenye zana za kuchezea na kujifunzia, na kumpa mtoto nafasi ya kuchagua. Wengi hujaribu muhula mmoja. Kelele zikiwashinda na vizibo vya soda vya kuhesabia vikapotea, hurudi ubaoni na kwenye "semeni wote". Kisha husema, kwa uchovu wa kweli, kwamba kona ni za shule binafsi zenye watoto 20.

Uchovu huo nauheshimu. Hitimisho lake ndilo sikubaliani nalo, kwa sababu kona nyingi zilizoshindwa hazikuwahi kutengenezwa kwa ajili ya mtoto.

Ingia katika darasa la namna hiyo uangalie juu. Kamba imevutwa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake yamening'inizwa maumbo, herufi na picha za wanyama zilizochorwa kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Zote ziko mita mbili kutoka sakafuni. Macho ya mtoto wa miaka mitano aliyesimama yako karibu sentimita 100, na akikaa mkekani hayafiki hata 60. Sasa angalia pembeni. Kona ya hisabati ni meza ndefu iliyopangwa vitu kwa unadhifu, na mbele yake kuna madawati mawili yaliyojaa. Mtoto akitaka kuifikia lazima awapande wenzake. Basi haifikii, na vumbi lililo juu ya vizibo linaonyesha hivyo. Kazi yote ile ya mwalimu, usiku na mwishoni mwa wiki, ilimfikia mthibiti ubora wa shule peke yake.

Shida inaanzia kwenye madawati, na hapa naomba tukae kidogo. Chukua darasa la mita 7 kwa 9, yaani mita 63 za mraba. Gawa kwa watoto 70: kila mmoja ana mita 0.9, chini ya mita moja ya mraba. Hicho ndicho kiasi chake chote, cha kukaa, kupita, kuweka mfuko wake na kucheza. Sasa ingiza madawati 24 ya watoto watatu watatu. Kila dawati lenye upana wa mita 1.2 na kina cha sentimita 90 linakula zaidi ya mita moja ya mraba, kwa hiyo mita 26 zimekwenda. Ondoa na mita mbili za mbele ya ubao, ambazo ni 14. Zinabaki 23, nazo ni vichochoro vya kupitia kati ya madawati. Hakuna mahali pa kuweka hata mkeka mmoja. Mtu akisema kona haziwezekani katika chumba hiki anasema kweli. Ila kilichozizuia ni mbao. Na mara nyingi mbao zenyewe ni za watoto wakubwa. Wa awali hukaa miguu ikining'inia, akachoka baada ya dakika kumi, akaanza kumsukuma jirani.

Toa madawati yote, yapelekwe kwenye darasa lenye upungufu. Mwalimu mkuu hatakataa. Bakiza meza moja ya mwalimu, isukumwe ukutani. Sasa una mita 63 tupu, na watoto 70 hugawanyika makundi mawili ya 35. Kundi la kwanza hukaa na mwalimu kwenye majamvi au turubai, na kwa kubanana vizuri mita 18 za mraba zinawatosha. Kundi la pili huenda kwenye kona saba, watoto watano kila kona. Kona moja ni mkeka wa mita 1.5 kwa 2, yaani mita 3 za mraba, hivyo kona saba ni 21. Jumla 39. Zinabaki 24 za njia, rafu na mlango, na safari hii kuna anayepita.

Mwalimu akae wapi? Swali hili dogo huamua mambo mengi. Akisimama ubaoni, kona ziko nyuma ya kundi lake na macho yake yamezibwa na vichwa. Akielekea ubao kuandika, kona hazina mtu. Mgongo wake uwe ukutani, kwenye kigoda, jamvi likiwa mbele yake na kona zote zikionekana nyuma ya jamvi bila kizuizi kinachozidi sentimita 60. Rafu nazo zisizidi hapo. Kona ya vitabu na picha iwe karibu na dirisha, mahali penye mwanga. Ya matofali ya kujengea na ya duka, zenye makelele, ziwe mbali nayo kadiri chumba kinavyoruhusu. Maji na mchanga vikae nje chini ya upenu, mbele ya mlango, panapoonekana kutoka kwenye kigoda.

Kosa linalofuata ni kufungua kona zote siku moja. Watoto 35 wanaachiwa vitu wasivyowahi kuviona, na kwa siku tatu kinachotokea ni kunyang'anyana. Fungua kona moja kila wiki. Wiki nzima fundisha mambo matatu tu: kuchukua, kutumia, kurudisha. Weka misumari mitano mlangoni mwa kona na mikufu mitano ya kamba yenye kizibo kimoja kila mmoja. Mtoto anayeingia huvaa mkufu. Misumari yote ikiwa mitupu, kona imejaa, anatafuta nyingine. Hakuna haja ya mwalimu kuamua ugomvi. Kwa kona saba hii inachukua wiki saba, na mwalimu anayezichoka wiki hizo huzilipa mwaka mzima.

Muda nao una hesabu yake. Vipindi vya dakika 20 ni vifupi kwa kona: kuchagua na kutulia hula karibu dakika kumi, kurudisha vitu hula tano, zinabaki tano za kucheza. Unganisha vipindi viwili.

Zana zisiwe nyingi. Kona ya kuhesabu ya watoto watano inatosheka na vizibo 100 vya soda, vijiti 50 na makopo 10 yenye tarakimu. Vizibo vigongwe nyundo ukingoni, maana meno yake hukata. Maharage na mbegu ndogo zisitolewe pale wanapoingia watoto wa miaka mitatu. Huishia puani na masikioni. Chupa za viuatilifu hazioshwi zikawa salama, zisiingie kabisa. Matofali ya mbao omba kwa fundi seremala, mabaki 60 hadi 80, lakini yakatwe kwa vipimo: sentimita 6, 12 na 24. Ukipokea mabaki ya urefu wowote, mnara huanguka na mtoto huacha. Kwa vipimo hivyo, mtoto anayejenga ukuta akaishiwa matofali marefu huchukua mawili ya kati, akayalaza ncha kwa ncha, akapitisha kiganja juu ya maungio kuona kama yamelingana. Hakuna aliyemwambia kwamba mbili za 12 ni 24.

Mwisho wa siku kila kona iingie kwenye beseni lake, mabeseni yafungiwe ofisini. Shule nyingi hazina milango imara, na chumba kikitumika kwa mikutano Jumapili, zana zilizoachwa rafuni huwa zimekwenda Jumatatu.

Sasa hoja ya upande wa pili iliyo nzito kuliko zote. Herufi hazijigundui. Mwaka 2006 watafiti wa elimu Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walitetea kwamba anayeanza kujifunza jambo hulemewa akiachwa alitafute mwenyewe, kwa kuwa kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, ile inayoshika mambo anayoyafikiria wakati huo, ni ndogo. Anahitaji kuonyeshwa wazi. Kwa kusoma wana haki. Hakuna mtoto atakayekaa kwenye kona akavumbua kwamba b na a ni "ba". Lazima afundishwe, jamvini, na mwalimu, kwa mpangilio. Uzuri ni kwamba Kiswahili husomeka kama kinavyoandikwa, na somo hilo fupi huzaa upesi. Mtoto aliyekwisha fundishwa ba, bi na bu, akipewa kadi hizo kwenye kona, ataunda "baba", "bibi", "babu" bila kuongozwa, na atazirudia mara ishirini kwa hiari yake. Katika kuimba kwa pamoja, watoto 70 wanaitika "ba be bi bo bu" na huwezi kujua nani anafuata midomo ya jirani. Kwa hiyo jamvi na kona havigombanii mtoto. Jamvi lenye watoto 35 limewezekana kwa sababu 35 wengine wana shughuli.

Wazazi wengi wanataka daftari lililojaa, na mtoto anayerudi akisema "tulicheza duka" huwatia wasiwasi. Wasiwasi huu si mpya pwani yetu. Mpango wa Madrasa, wa shule za awali za jamii za Kiislamu, ulioanza Mombasa katika miaka ya 1980, Bi Swafiya Said akiwa mwalimu wake wa mwanzo, kisha ukafika Zanzibar na Uganda, ulitumia kona, kuchagua na zana za vitu vya mahali, vifuu na makopo, huku ukiwafunza kina mama wa mtaani kuwa walimu na kuweka malezi ya dini ndani ya ratiba. Wazazi walikuwa ndani ya kamati. Na tukienda nyuma zaidi, nyumba ya watoto ya Maria Montessori, daktari na mwanaelimu wa Italia, iliyofunguliwa San Lorenzo, Roma, Januari 1907, ilikuwa na watoto wapatao 50 wa familia maskini, na mwangalizi wao hakuwa amesomea ualimu. Wanaosema uhuru wa mtoto ulibuniwa kwa ajili ya madarasa madogo ya matajiri wanasahau mwanzo wake.

Pana kikomo, na wapinzani wa kona wanakishika vizuri. Watoto 120 katika chumba hichohicho wana nusu mita ya mraba kila mmoja, na hakuna mkeka wala mkufu utakaoliponya hilo. Hapo kinachobaki ni mikondo miwili, 60 waingie saa 1:30 na 60 saa 4, au mtu mzima wa pili wa kusimamia kundi la nje chini ya mti. Mikondo miwili humchosha mwalimu na hufupisha siku ya mtoto. Mtu wa pili hulipwa na wazazi, ambao waliambiwa elimu ni bila ada. Kati ya hizo mbili ningechagua mtu wa pili, hata kwa posho ndogo ya kamati ya shule, kwa sharti moja: akae mlangoni, mahali anapowaona walio nje na mwalimu anamwona yeye.