Je, tahajia ya irabu za Kiingereza haina kanuni?

Lalamiko kwamba irabu za Kiingereza huandikwa bila kanuni, na kwamba mwanafunzi hana budi kukariri neno baada ya neno, lina ushahidi mzito. Sauti ndefu ya i pekee huandikwa kwa ee katika see, ea katika sea, ie katika field, ei katika receive, i katika machine na eo katika people. Aliyezoea Kiswahili, ambamo irabu tano zina herufi tano, ana haki ya kushangaa.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya wingi huo hutawaliwa na mahali irabu ilipo ndani ya neno. Herufi ai hukaa katikati, kama katika rain, na ay hukaa mwishoni, kama katika day; vivyo hivyo boil na boy. Kanuni iliyozitia nyingine doa ni ile ya i kutangulia e isipokuwa baada ya c, ambayo mara nyingi hufundishwa bila sharti lake, kwamba inahusu sauti ndefu ya i tu. Likirejeshwa sharti hilo, science na neighbour hayaipingi tena, ingawa seize na protein yangali yanaikaidi.

Wanaozikataa kanuni wanaweza kuegemea utafiti wa Paul Hanna na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, uliochapishwa mwaka 1966, ambamo kompyuta iliyopewa kanuni za sauti iliandika kwa usahihi karibu nusu tu ya maneno zaidi ya 17,000. Nusu hiyo inanikera kila inapotajwa peke yake, kwa kuwa zaidi ya thuluthi ya maneno yote yalikosewa mahali pamoja tu. Tena kompyuta ile ilijua sauti, nafasi yake na mkazo, lakini haikujua maana wala ukoo wa maneno. Haikuwa na njia ya kutambua kwamba health ni la ukoo mmoja na heal, na kwamba ea imebaki humo ili jicho lione udugu ambao sikio limeupoteza. Ndivyo yalivyo pia mean na meant, please na pleasant, breathe na breath. Anayefundishwa jozi hizi pamoja hupata sababu ya kuandika ea mahali ambapo sauti inamshawishi kuandika e, na sababu hiyo haimo kabisa katika hesabu ya ile nusu.

Hata meet na meat yalitofautiana zamani kwa matamshi. Sauti ndefu za Kiingereza zilihama kati ya karne ya 15 na ya 18, ilhali tahajia ilikuwa imeanza kuganda baada ya William Caxton kuleta uchapaji Uingereza mwaka 1476. Leo tofauti hiyo humfaa msomaji, anayetambua maana mara moja. Mzigo humwelemea mwandishi, ambaye sikio lake halimwambii lolote, na hapo walalamikaji wana haki kamili. Kuchagua kati ya ee na ea katika maneno mafupi yasiyo na ndugu kunahitaji kukariri, na ningependa walimu walitamke hilo waziwazi, kisha muda wa kukariri wautenge kwa maneno hayo.